Kabla hujatuma ikisiri kwenye kongamano la taaluma za Korea

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Korea kwa ufadhili wa serikali ya Korea. Tasnifu yangu inalinganisha Saemaul Undong, ile kampeni ya maendeleo ya vijiji ya Korea Kusini ya miaka ya 1970, na vijiji vya ujamaa. Madarasa yangu mengi ni ya Kiingereza, ila nina daraja la 4 la TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni. Nimeona matangazo ya makongamano matatu ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu: moja la Seoul, moja la Ulaya, moja la Marekani. Nilipomwuliza profesa wangu alisema tu, 'Subiri kidogo.' Wenzangu wananiambia ukiwasilisha wazo kabla ya kumaliza tasnifu litaibwa. Mimi naogopa zaidi kuulizwa swali kwa Kikorea nikashindwa kujibu mbele za watu. Juzi pia nimepata barua pepe ya kongamano la nne. Wamenikubali ndani ya siku mbili na wanataka ada ya dola 350. Je, nitume sasa au nisubiri nimalize? Na nikituma, nitume wapi? Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa makala, inaanza hivi: 'Mwaka 1960 Korea ilikuwa maskini kama nchi za Afrika, lakini leo ni nchi tajiri. Makala hii inaonyesha Tanzania inaweza kujifunza nini kutoka Saemaul Undong.'"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika mwaka wa pili. Maswali yako ni mengi, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja inayoyashika yote: utasimama mbele ya watu wanaoijua Korea kuliko wewe, kwa lugha yao, ukiwa na kazi ambayo bado haijaisha. Nakujibu moja kwa moja. Tuma mwaka huu. Tuma kwenye kongamano la Seoul. Na usimtumie mtu yeyote ikisiri hiyo jinsi ilivyo sasa. Hilo la tatu ndilo zito, kwa hiyo naanza nalo.

Sentensi yako ya kwanza nimekutana nayo mara nyingi mno katika ikisiri za wanafunzi wanaotoka kwetu, na wanakamati wa makongamano haya wamekutana nayo pia. Udhaifu wake wa kwanza ni wa hesabu. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, pato la mtu mmoja Korea Kusini mwaka 1960 lilikuwa karibu dola 158. Ghana ilikuwa juu kidogo ya hapo, Kenya ilikuwa karibu dola 100 tu. "Nchi za Afrika" hazikuwa kitu kimoja, na mtu yeyote mwenye simu ukumbini ataibomoa kauli hiyo kabla hujafika slaidi ya pili.

Udhaifu wa pili unaumiza zaidi, kwa sababu unagusa kiini cha tasnifu yako. Kauli hiyo inafuta yote yaliyotangulia. Korea Kusini ilitunga sheria ya kugawa ardhi mwaka 1949 na kuanza kuitekeleza mwaka 1950, hivyo mkulima aliyeitwa kushiriki Saemaul miaka 20 baadaye, kwa sehemu kubwa, alikuwa akilima shamba lake mwenyewe, katika kijiji ambacho ukoo wake ulikuwa umekaa kwa vizazi. Nchi hiyo ilikuwa imepokea misaada mikubwa ya Marekani baada ya vita ya 1950 hadi 1953. Watoto wake walikuwa wamejaa shule za msingi. Sasa linganisha na mkulima wetu wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, ambaye mara nyingi aliambiwa abomoe nyumba yake na kuhamia mahali pengine, kwenye ardhi ambayo kisheria ni ya umma. Ukishaandika kwamba wote wawili walianzia pamoja, umejifungia mlango wa swali lako bora kuliko yote: je, kampeni ya kijiji inafanyaje kazi pale ambapo watu tayari wana ardhi na makazi, na inafanyaje pale ambapo makazi yenyewe ndiyo yanayohamishwa?

Kuhusu "Tanzania inaweza kujifunza nini", nia hiyo naiheshimu. Umetoka nyumbani kwa kodi za watu wengine, na unaona haya kurudi bila kitu cha kuwapa watu wako. Lakini kamati ya kongamano la taaluma za Korea haiwezi kupima somo kwa Tanzania. Inapima dai kuhusu Korea na ushahidi unaolibeba. Ushauri wa sera uuweke kwenye aya ya mwisho ya tasnifu, au uandike kwa gazeti la nyumbani, ambako utasomwa na wanaouhitaji.

Hebu tuijenge upya kwa vitu unavyovijua. Kati ya Oktoba 1970 na Juni 1971, serikali ya Rais Park Chung-hee iligawa mifuko 335 ya saruji kwa kila kijiji, vijiji zaidi ya 33,000. Mwaka uliofuata haikugawa kwa usawa tena: vijiji vipatavyo 16,600 vilivyoonekana kufanya vizuri vilipewa mifuko 500 na tani moja ya nondo, vilivyobaki havikupata. Baadaye vijiji vyote vikawekwa katika madaraja matatu, vya msingi, vya kujisaidia na vya kujitegemea. Kwa hiyo lazima kuna mtu aliyeandika ripoti iliyoamua kijiji kipi kiko wapi. Katika kila kijiji palikuwa na kiongozi wa Saemaul, asiyelipwa mshahara, na kuanzia 1972 viongozi hao walipelekwa kwenye mafunzo maalumu. Upande wetu palikuwa na balozi wa nyumba kumi wa TANU, mfumo ulioanza katikati ya miaka ya 1960, na baadaye serikali ya kijiji chini ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975. Nyuma ya kampeni mbili kubwa, basi, kuna watu wawili wadogo, kila mmoja amesimama katikati ya jirani zake na ofisi ya wilaya. Kila mmoja alitakiwa kuandika kwamba kazi imefanyika. Aliandika nini, kwa fomu gani, na nani alikuja kuhakiki?

Hapo una makala. Ikisiri ianze na saruji, iseme nyaraka gani umezisoma, itoe dai moja, basi. Maneno 250 au 300 yanatosha, na idadi waliyoweka kwenye tangazo ni ya kuheshimiwa. Ikisiri iliyozidi maneno wengine huiweka kando bila kuisoma.

Kuna jambo jingine utaulizwa, nalo ni afadhali ulisikie kwangu. Unapoandika "Korea na Tanzania miaka ya 1970", unamaanisha Korea ipi? Tanzania ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Korea Kaskazini tangu 1965, na Mwalimu Nyerere alifika Pyongyang mwaka 1968. Uhusiano na Seoul ulifunguliwa mwaka 1992. Wakati saruji ya Saemaul inagawiwa, Korea iliyokuwa ikijulikana kwa viongozi wa TANU ni ile ya kaskazini. Hilo haliharibu ulinganisho wako, ila linakutaka useme wazi kwamba unalinganisha kampeni mbili ambazo hazikuazimana chochote. Tena linakufungulia mlango ambao wanafunzi wengi wa Kikorea hawawezi kuuingia: gazeti la Uhuru la miaka ile, ripoti za wilaya zilizoko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Dar es Salaam, mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unasoma Kiswahili cha kiserikali cha mwaka 1974 bila kamusi. Katika ukumbi huo wa Seoul huenda ukawa peke yako mwenye uwezo huo, na wewe katika barua yako yote hukuutaja hata mara moja. Umeniandikia juu ya upungufu wako wa Kikorea tu.

Sasa tuseme makongamano haya ni nini, maana nadhani unayachukulia kama mtihani wa kumaliza. Kongamano la wanafunzi huandaliwa na wanafunzi wenzako, wengi wao wa uzamivu, chini ya kituo cha taaluma za Korea au idara ya masomo ya Asia Mashariki. Miezi kadhaa kabla wanatoa wito. Ikisiri zikiingia, wanagawana kuzisoma, mara nyingi usiku baada ya kazi zao wenyewe. Wanaangalia kama kuna dai, na kama mwandishi amegusa vyanzo vya Kikorea. Halafu wanaangalia jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: wanaweza kukupanga na nani? Kikao kimoja huwa na makala tatu au nne, na makala nzuri isiyo na mwenzake huachwa, ilhali ya wastani inayokamilisha kikao cha "kijiji na dola" hupita. Ndiyo maana kichwa cha makala yako kiseme mada yako waziwazi, bila mafumbo, na ndiyo maana kukataliwa mara moja hakuelezi sana ubora wa kazi yako.

Ukikubaliwa, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe unatuma makala kamili. Inatakiwa iwe makala ya kazi inayoendelea. Waandaaji wanajua hivyo, wasomaji wanajua hivyo, na sababu ya kukutana ni kwamba kazi ikiwa bado laini inarekebishika. Tasnifu ikishapigwa muhuri na kupelekwa maktaba, hata maoni yawe mazuri kiasi gani hayatakusaidia. Hilo ndilo jibu langu kwa "nisubiri nimalize".

Ila nisikufiche, kuna wakati kusubiri ni sahihi. Kama bado hujasoma hati hata moja ya miaka ya 1970 kwa Kikorea na unategemea vitabu vya Kiingereza tu, subiri. Kama una mahojiano na wazee wa vijijini uliyoyafanya kabla ya kupata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, usiyawasilishe popote mpaka ofisi hiyo ikuelekeze. Na kama tarehe ya kongamano inaangukia wiki ya kutetea tasnifu, achana nalo, litarudi mwakani.

Kuhusu Kikorea, hofu yako ina msingi lakini umeiweka mahali pasipo pake. Daraja la 4 kati ya 6 linatosha kuwasilisha makala uliyoiandaa na kuelewa swali likisemwa taratibu. Ambacho TOPIK haikupimi ni hanja. Magazeti na baadhi ya nyaraka za serikali za miaka ya 1970 yameandikwa kwa mchanganyiko wa hangeul, alfabeti ya Kikorea, na hanja, yaani herufi za Kichina, na mwanafunzi anayesoma habari za leo bila shida anaweza kukwama kwenye kichwa cha barua ya wilaya ya mwaka 1972. Hapo ndipo pa kutia nguvu. Anza na maktaba ya magazeti ya zamani ya Naver, uyasome magazeti ya miaka hiyo mtandaoni. Kisha chagua hati moja fupi katika nyaraka za Saemaul, zile zilizoingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, ukae na mwenzako wa Kikorea unayesoma naye, mmalize neno kwa neno. Hati moja uliyoimaliza namna hiyo itakubeba mbali kuliko makala kumi ulizozipitia juujuu.

Na sasa sababu kubwa ya kukuelekeza Seoul. Katika makongamano ya Korea, mara nyingi mwasilishaji hupewa toronja, mtu aliyeteuliwa kuisoma makala yake na kuijibu. Toronja huandika maoni yake, ukurasa mmoja au miwili, na kwa kawaida maandishi hayo hutumwa kwa waandaaji kabla ya siku yenyewe na kuchapwa katika jaryojip, kitabu cha makala zote kinachogawiwa mlangoni. Maana yake maswali mazito zaidi utakayoulizwa unaweza kuyajua mapema, ukayatafsiri kwa utulivu, ukaandaa majibu, ukayasoma kwa sauti mbele ya rafiki. Mwandikie mratibu kwa adabu uombe maoni ya toronja mara tu yakipatikana. Marekani na Ulaya mchangiaji aliyeteuliwa naye huisoma makala mapema, lakini mara nyingi utayasikia maneno yake hapohapo, pamoja na ukumbi mzima. Kwa mtu mwenye hofu kama yako, tofauti hiyo ni kubwa.

Maswali ya wasikilizaji ndiyo yatakayokuja bila taarifa. Mwone mwenyekiti wa kikao kabla hamjaanza, mwambie utawasilisha kwa Kikorea lakini ungependa, ikibidi, kujibu kwa Kiingereza. Matangazo mengi huruhusu lugha zote mbili, soma lako. Swali likiulizwa, liandike, lirudie kwa maneno yako mafupi, uliza kama umelielewa sawasawa. Na lile ambalo hujui, sema hujui, omba anwani ya aliyeuliza, umwandikie baada ya wiki. Hakuna atakayekuona mjinga kwa hilo. Anayeonekana vibaya ni yule anayejibu swali ambalo halikuulizwa.

Jitayarishe pia kwa lile litakaloulizwa kwa hisia. Baadhi ya watakaokaa mbele yako ni watoto na wajukuu wa vijiji hivyo. Wapo ambao wazazi wao wanakumbuka barabara ya kwanza na paa la nyasi kuondolewa, na wapo wanaoikumbuka Saemaul kama mkono wa utawala wa Yushin, ule wa katiba ya 1972, ulioingia mpaka jikoni. Wanahistoria wa Korea wenyewe hawajakubaliana: wapo wanaoeleza moyo wa kujitolea wa wanakijiji, wapo wanaoeleza shuruti ya dola, na wapo waliokwenda kijiji kwa kijiji wakakuta vitu hivyo viwili vimefungamana, pengine na desturi za ushirikiano zilizokuwepo kabla ya serikali kufika. Makala yako lazima ionyeshe kwamba unaujua ubishi huo. Ukiisifu Saemaul tu, nusu ya ukumbi itakunyamazia. Ukiilaani tu, nusu nyingine. Wewe umekulia katika nchi ambayo wazee wanabishana hivyohivyo juu ya ujamaa, wengine kwa machozi, kwa hiyo unajua jinsi ya kusikiliza pande mbili bila kudharau upande wowote.

Wizi wa mawazo upo, sitasema haupo. Lakini fikiria jinsi unavyofanya kazi. Wazo lililosemwa hadharani, likachapwa katika jaryojip likiwa na jina lako na tarehe, lina mwenyewe anayejulikana. Wazo lililoko kwenye kompyuta yako tu halina shahidi. Isitoshe, wa kuiba kazi yako angehitaji Kiswahili chako na nyaraka zako. Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine kabisa. Vitabu hivi vya makongamano wakati mwingine huishia katika hifadhidata kama DBpia, na vyuo vingi vya Korea huipima tasnifu kwa CopyKiller, programu ya kugundua maandishi yaliyonakiliwa, kabla ya kuipokea. Maneno yako mwenyewe yanaweza kurudi yakiwa yamewekwa rangi nyekundu. Kwa hiyo uliza mapema kama jaryojip itawekwa mtandaoni, na ukiambiwa ndiyo, omba makala yako iwekwe kwa muhtasari. Andika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba ni kazi inayoendelea na isinukuliwe bila idhini yako. Katika tasnifu, taja kwamba sehemu hiyo uliiwasilisha, wapi na lini. Nukuu ndefu za mahojiano zisichapwe humo kabisa.

Makongamano yale mengine mawili ni mazuri, kila moja kwa wakati wake. Ulaya kuna mkutano wa kila mwaka wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa taaluma za Korea, unaohama kutoka chuo kimoja hadi kingine. Umekaa karibu na chama cha taaluma za Korea cha Ulaya, kilichoanzishwa 1977. Jumuiya hiyo ni ndogo, kwa hiyo mwanafunzi mgeni hapotei ndani yake. Siku mbili tatu mnakula pamoja na kujuana majina. Gharama ndiyo kikwazo. Kwa kuwa unaishi Korea kihalali, maombi ya viza ya Schengen unayafanyia Seoul, hulazimiki kurudi Dar. Yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Barua ya mwaliko ikichelewa, safari imekufa, kwa hiyo usilipe nauli isiyorudishwa kabla ya viza kutoka.

Marekani, wanafunzi wa Harvard na wa Columbia kila kundi lina kongamano lake la Asia Mashariki. Huko Korea inakaa pamoja na China na Japani, na unaweza kuangukia kikao ambacho hakuna mtu mwingine anayeijua Saemaul kwa undani. Kinachopatikana ni watu waliozoea ulinganisho, na maprofesa unaoweza kutaka kusoma kwao uzamivu. Kama huna mpango huo, sioni sababu ya kuanza huko, hasa ukijumlisha nauli na muda wa kusubiri viza. Usichanganye makongamano haya na mkutano mkuu wa chama cha masomo ya Asia unaofanyika Marekani ya Kaskazini kila masika, wenye maelfu ya watu. Huo utauendea ukishajua unamtafuta nani.

Kabla hujakata tamaa kwa ajili ya fedha, nenda ofisi ya idara uulize swali moja: je, idara yetu imo katika mradi wa BK21? Huo ni mfuko wa serikali ya Korea, ulioanza 1999, ambao miongoni mwa mengine hulipia wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa idara zilizochaguliwa safari za makongamano. Wanafunzi wa kigeni wengi hawaulizi kwa kudhani si wao wanaolengwa. Uliza na waandaaji pia kama wana msaada wa malazi kwa wanaotoka mbali.

Barua pepe ya nne usiijibu, na dola 350 zibaki mfukoni mwako. Makongamano mengi ya wanafunzi hayatozi ada, au yanatoza kidogo. Kukubaliwa ndani ya siku mbili ni dalili kwamba hakuna aliyesoma. Angalia pia orodha ya mada zao: uhandisi, tiba, uchumi na lugha ndani ya ukumbi mmoja wa hoteli, bila idara ya chuo inayosimama nyuma yake. Kama umeshalipa, wahi benki leo, kisha uende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako uwaeleze bila aibu.

Amebaki profesa wako. "Subiri kidogo" inaweza kuwa na maana nyingi, na wewe umeichukua kuwa hapana. Huenda anataka uipitie sura ya pili kwanza. Huenda anajua toronja gani atapewa kazi hiyo na anaona hujaiva mbele yake. Huenda alikuwa na haraka tu siku hiyo. Usitume kwa kumzunguka. Katika vyuo vya Korea jina la msimamizi wako huandamana na jina lako, na akisikia kwa mwenzake kwamba mwanafunzi wake yuko kwenye ratiba bila yeye kujua, utakuwa umemvunjia heshima hadharani. Omba miadi ofisini kwake, si kwa ujumbe wa simu. Nenda na ikisiri mpya ya ukurasa mmoja, nakala ya ile hati uliyoisoma neno kwa neno, na tarehe ya mwisho ya kutuma. Mwulize ni kitu gani hasa kinapungua ili iwe tayari kwa tarehe hiyo. Swali la namna hiyo lina jibu, na mara nyingi jibu huwa ni kalamu nyekundu juu ya ukurasa wako. Akikueleza sababu na bado anasema hapana, mwaka huu nenda Seoul kama msikilizaji. Kaa vikao viwili vya historia ya kilimo, soma maoni ya matoronja katika jaryojip, jitambulishe kwa waandaaji wakati wa chai.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo siwezi kulipima kwa mbali. Umeandika "naogopa" kwa namna inayonifanya nijiulize kama ni hofu ya kawaida ya jukwaa au ni kitu kinachokunyima usingizi na kukutoa darasani. Kama ni hiki cha pili, usikisubirie kongamano. Nenda kituo cha ushauri nasaha cha chuo chako. Vyuo vingi vya Korea vinavyo na baadhi vina mshauri anayezungumza Kiingereza. Chuo chako kikiwa na kituo cha uandishi kwa wanafunzi wa kigeni, weka miadi nacho wiki hiihii kwa ajili ya ikisiri, maana mtu anayekaa nawe meza moja akasikia unavyoitamka sentensi yako ataona yale ambayo mimi siyaoni katika maandishi. Ukishaiandika upya ile inayoanza na saruji, nitumie pamoja na picha ya hati yenyewe, ukurasa wa kwanza tu. Nitakujibu kabla ya tarehe yao ya mwisho.